Mkwe wangu aligeuza kioo cha gari asinione, karibu atumalize sote kilimani

Mulembe wakuu.

Mimi ni mama wa miaka sitini na nane, wa Malinya. Shule nilifika darasa la tano, hesabu ikanishinda tukaachana. Lakini macho yangu bado yanaona mbali.

Haya ninayoandika sikuambiwa na mtu. Nilikuwa ndani ya gari, kiti cha nyuma, na mtoto mapajani. Mkiona mahali nimejisifu, hapo pia ni kweli.

Kisa ni cha barabara ya Kisumu kuja Kakamega. Wale wanaoipita wanaijua. Ukishafika vile vilima vya Maragoli, barabara inapanda, inakunja, inashuka, inapanda tena kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Kando ni mawe makubwa kama nyumba. Na magari ni mengi kuliko watu wenye akili ya kuyaendesha.

Siku hiyo tulikuwa tunamtoa binti yangu Mercy hospitali Kisumu.

Mercy ameolewa miaka tisa. Miaka tisa wakuu, bila mtoto. Maneno aliyosikia siwezi kuandika yote hapa. Watu ambao hata obusuma, ugali tu, inawashinda kusonga, inatoka mabonge mabonge, ndio walikuwa wanamfundisha namna ya kuzaa.

Sasa amezaa. Msichana. Nywele kichwa kizima, na sauti ya kuita watu kwa mkutano wa chifu. Amepewa jina la marehemu mama yangu, Khasandi.

Nina wajukuu wengine kumi na mmoja na wote ni wazuri kwa sababu wametoka kwangu. Lakini huyu, wakuu, tuache tu.

Alizaliwa kwa kupasuliwa. Daktari akasema Mercy asirushwerushwe, mshono bado ni mbichi. Na kwa vile mama yake mkwe alishafariki, tukakubaliana aje kwangu Malinya apone kwanza.

Dereva alikuwa mkwe wangu, mume wa Mercy. Ni mwalimu, anakaa Lurambi, gari amenunua mwaka jana.

Hapa lazima nieleze kitu, maana wengine hapa ni watu wa mbali.

Kwetu, sisi watu wa umri wangu, mama mkwe na mkwe hawazoeani. Hatusalimiani kwa mkono. Hatuli pamoja. Hatuangaliani usoni. Jina lake la ubatizo nilikuwa sijalitamka hata siku moja, huwa namwita "mwenye Mercy". Nikiwa na neno namwambia Mercy, Mercy anampelekea, naye anarudisha jibu kwa Mercy. Hata kama tumeketi karibu hivi kwamba mmoja akipiga chafya mwingine anajipangusa.

Vijana mnacheka. Chekeni. Miaka tisa bila mtoto na huyu mwanamume hakumrudisha binti yangu, wala hakuleta mwingine. Labda ni kwa sababu kuna mama mkwe mmoja alijua kukaa mbali na kufunga mdomo.

Basi tukapanda gari. Mercy mbele, kiti kimelazwa kidogo. Mimi nyuma na Khasandi. Mkwe kwa usukani.

Shida ikawa kile kioo cha katikati.

Niliinua macho tu hivi, nikakutana na macho yake ndani ya kioo. Uso kwa uso! Nikakohoa. Wa kwetu wanakijua kikohozi hicho, hakina dawa hospitali.

Mkwe akashtuka, akanyoosha mkono, akageuza kioo kikaangalia juu kwa paa.

Nikasema moyoni, huyu mtoto amelelewa. Nilifurahi kabisa. Nayaandika haya ili msije mkadhani ndani ya hiyo gari mjinga alikuwa mmoja.

Sasa sikieni. Kioo cha kando upande wake kilikuwa kimegongwa na boda wiki hiyo, amekifunga na selotepu, kinaonyesha goti lake tu, na cha upande wa Mercy kinaonyesha nyasi za kando tu. Kwa hivyo mkwe wangu, mwalimu, mtu wa kusahihisha makosa ya watoto wa wenyewe, alitoka Kisumu bila kujua duniani nyuma yake kuna nini.

Na vile alivyokuwa akienda!

Pole pole. Tena pole pole ya pole pole. Kuna mama mmoja alikuwa na kuni kichwani, anapanda kilima kwa miguu. Tulienda naye sambamba hadi karibu tuulizane habari za nyumbani. Mwishowe akatuacha.

Kwanza nilipendezwa. Nikasema, "Mercy, mwambie mwenye gari aende hivyo hivyo. Wenye haraka wana haraka ya kaburi."

"Baba Khasandi, mama anasema uende hivyo hivyo."

"Mwambie mama asante."

Mnaona? Hata shukrani zinapitia ofisini.

Baadaye nikageuza shingo kuangalia nyuma. Woi! Magari yalikuwa yamefuatana hadi kona ya chini, siwezi kuona mwisho. Malori, magari ya wakubwa, boda, wote nyuma yetu kama tunawapeleka kwa mazishi na sisi ndio tumebeba maiti.

Ndipo wakaanza kuovateki.

Enyewe madereva wetu wamebarikiwa. Mahali pamechorwa laini ya njano isiyokatika, wao wanaona hapo ndipo pazuri. Kwenye kona ndipo wanakumbuka wamechelewa. Kagari kamoja keupe kalitupita kwa kona, nyuma kameandikwa kwamba dereva wake ni Mungu. Sijui kama Mungu mwenyewe alikuwa amejulishwa.

Mwingine alishusha dirisha kabisa akamwambia mkwe, "Mzee, ng'ombe zimekutangulia, nenda uzifuate!"

Mkwe hakujibu. Mtu wa adabu.

Nikasema, "Mercy, mwambie mwenye gari asimame kando, awapishe hawa watu. Wamejaa huku nyuma."

Mercy akampelekea. Jibu likarudi.

"Mama, anasema ni hao wachache tu na wameshapita. Barabara iko wazi."

Iko wazi! Mtu anaangalia paa la gari yake ananiambia barabara iko wazi.

"Na hizi honi ni za nani, za malaika?"

"Mama, niache nipumzike," Mercy akasema. Dawa za hospitali zilikuwa zimemlemea, akafunga macho. Dakika mbili tu, tayari anakoroma.

Ofisi ikafungwa.

Tukafika nyuma ya lori la simiti. Hilo nalo lilikuwa linapanda likilia, linatoa moshi mweusi kama linachoma takataka. Kumbe kuna mtu anaweza kwenda pole kuliko mkwe wangu! Moshi ukaingia ndani. Khasandi akapiga chafya, mara mbili, kisha akaanza kulia ile sauti yake.

Mkwe akasikia mtoto wake analia. Miaka tisa amengoja hiyo sauti. Nikamwona mabega yanapanda. Akabadilisha gia. Indiketa ikaanza tik, tik, tik.

Anataka kuovateki. Huyo huyo! Tena kilimani, kilele kiko mbele, hujui ng'ambo kunakuja nini.

Nikageuka kuangalia nyuma.

Kanta ya mboga, yaani lori dogo, ilikuwa imeshatoka kwa foleni. Imeyapita magari yote kwa mpigo mmoja, inakuja upande wetu wa kulia, imeinamisha kichwa kama fahali wa Malinya aliyeona mwenzake uwanjani. Mkwe akizungusha usukani tu, inatuingilia hapo hapo alipoketi yeye. Na mimi na Khasandi tuko nyuma yake hatua moja.

Wakuu, hesabu iliyonishinda darasa la tano niliifanya siku hiyo. Nimwamshe Mercy, Mercy aulize nini, nimwambie, ampelekee mumewe, mumewe aseme mwambie mama barabara iko wazi.

Mdomo wangu haukuningoja.

"WYCLIFFE! RUDI!"

Na mkono nao ukaenda. Nikamshika bega, si kwa vidole, kwa mkono mzima, nikamvuta kama mtu anayevuta ndama kwa mtaro.

Akarudi. Kanta ikapita. Gari yetu ilitikisika, na kile kioo cha selotepu kikaenda na hiyo kanta, tukasikia tu kah!

Wakati huo huo, kwenye kilele pale, boda ikatokea na kreti za mkate. Mwenye boda aliona kanta mbele yake akaamua bora mtaro. Mikate ikaruka kila upande. Kanta ikajipenyeza mbele ya lori la simiti na kuendelea na safari, hata breki haikugusa.

Yule wa boda alisimama mtaroni mzima kabisa, akatukana kizazi cha mwenye kanta kuanzia babu. Nilimsaidia kwa moyo, nikaongeza nyanya zake.

Mkwe akasimamisha gari kando, kwenye nyasi. Akazima injini. Khasandi aliacha kulia.

Ndipo Mercy akafungua macho. "Tumefika?" Kisha akakaa wima, mkono tumboni. "Ngoja. Nani ameita Wycliffe?"

Nikarekebisha leso ya Khasandi.

"Mama, ni wewe?"

"Ni mimi."

Mkwe alikuwa ameshika usukani na mikono yote miwili. Nikaona shingo yake kwa nyuma, ina jasho kama ya mtoto aliyepigwa na homa. Huyu ndiye niliyemkoholea.

Nikamwambia, yeye mwenyewe, si kupitia kwa mtu, "Geuza hicho kioo."

Akajibu bila kugeuka. Ilikuwa mara ya kwanza kunisemesha. "Mama, nikigeuza nitakuona."

"Nione. Mimi ni mzee tu, si radi. Niangalie mimi, halafu uangalie kilicho nyuma yangu."

Akageuza. Macho yetu yakakutana. Yake yalikuwa na machozi. Yangu yalikuwa na moshi wa lori, msianze maneno.

Tukakaa hapo kando hadi foleni yote ikapita. Mmoja alitupungia mkono wa shukrani. Wengine walitutukana tukiwa tumesimama, maana mtu akizoea kutukana haachi kwa sababu umempisha.

Kisha tukaendelea. Sasa alikuwa anaenda mwendo wa watu, na akiona mbili tatu zimejikusanya nyuma anatafuta mahali anapisha. Kila mara anatupa jicho kwa kioo.

Tulipofika Chavakali sokoni, msongamano. Mnajua nani alikuwa amekwama hapo? Kanta ya mboga. Magari matatu mbele yetu. Yaani mtu alitaka kuniulia mjukuu ili apate nafasi ya magari matatu. Nilishusha dirisha nimpe maneno, Mercy akanishika leso, "Mama, leo umeshaongea inatosha."

Tukakata Sigalagala, tukafika Malinya jioni jua bado liko.

Nyumbani wifi yangu, ambaye ndiye mkubwa wa wanawake wa boma letu, aliposikia nimemshika mkwe bega na nimemwita jina, alishika kichwa. Hakuuliza kanta. Hakuuliza mtoto. "Ulimshika kwa mkono gani?"

Nikamwambia ungekuwa wewe ungemshika kwa mguu?

Akasema jambo kama hilo haliachwi hivyo, lazima ingokho, yaani kuku, ichinjwe, tule mimi na mkwe mahali pamoja, liishe. Sikubishana. Nikachukua jogoo mwenyewe, yule mwekundu, nikachinja. Wengine wakivunja sheria ya barabara wanapelekwa kortini. Mimi niliyezuia ajali ndiye nililipa kuku.

Tukaketi. Mkwe upande ule, mimi huku, Mercy na wifi katikati kama marefa. Nikatoa firigisi, nikamwekea kwa sahani na mkono wangu.

Alikula kama anavyoendesha. Hiyo firigisi moja ilichukua muda ambao mimi nilimaliza paja na supu.

Alipomaliza akasema, akiangalia sahani, "Mama, ungenyamaza tungekuwa wapi?"

Nikamwongezea mchuzi. Nilikuwa nawaza mimi ndiye nilikohoa.

Nilichojifunza, wakuu.

Wewe unayeenda pole pole, hakuna aliyekukataza. Lakini barabara si ya baba yako. Ukiona wamejaa nyuma, simama kando wapite, hautapungua kilo. Na uwe na kioo, kwanza.

Wewe unayeovateki kilimani na kwenye kona, wewe sina neno lako. Uko na haraka, sawa. Lakini ndani ya hiyo gari unayoipita kuna mtu amengojwa miaka tisa.

Na sisi wazee. Heshima niliipenda na bado naipenda. Mkono bado hatusalimiani na mkwe. Lakini heshima ya kumfunga dereva macho, hiyo nimeizika mwenyewe na sikumwita mchungaji.

Sasa nyinyi mnaotoka kwa watu wenye miiko kama yetu, mkisafiri na mkwe mnaketi vipi? Nani anaongea na nani? Na wale wa kanta, kama mko humu, jitokezeni tuonane, nina maneno niliyozuiwa pale sokoni.

Nitajibu pole pole. Khasandi yuko hapa mapajani, amelowesha leso mbili tangu nianze kuandika, na sasa anatafuta ya tatu.