Nilifuta Meseji ya Chuo ya Mdogo Wangu

Kosa ni langu, wala simsingizii shetani.

Naishi Ilongero na wanangu wawili na mama yetu aliyepooza upande mmoja. Aliyekuwa akimwogesha na kumgeuza kitandani ni mdogo wangu, nimwite Salma. Alipofaulu kidato cha sita, wa kwanza ukoo mzima, tuliomba chuo kwa namba yangu ya simu. Yeye hakuwa na simu.

Meseji ilinikuta napepeta alizeti. Amechaguliwa! Ilikuja na namba ya kuthibitisha nafasi, na tarehe ya mwisho. Badala ya vigelegele nikaingiwa na hofu. Akiondoka, mama nitamwezaje peke yangu?

Nikaifuta. Jamani, nikaifuta!

Kila asubuhi aliniuliza, "Shikamoo dada. Hamna meseji?"

"Marahaba. Hamna."

Tarehe ikapita. Salma akaacha kula, akaacha kuongea. Siku moja akaaga anakwenda kuchota maji. Hakurudi. Nikakimbilia lamboni. Ndoo yake iko ukingoni, mwenyewe hayupo! Nikaingia majini na nguo zangu, napapasa tope, namwita. Mungu wangu, nimemuua!

Kumbe alipanda bodaboda kwenda mjini, kwenye ile steshenari tuliyojazia maombi. Jioni akarudi, akanikuta bado nimelowa. Akaninyooshea karatasi.

"Dada, nilichaguliwa. Wanasema namba ilitumwa kwenye simu yako."

Nikapiga magoti, nikasema yote. Mama alikuwa anasikia. Kuongea hawezi vizuri, lakini machozi yalimtoka.

Salma hakunitukana. Alisema tu, "Ungeniambia unaogopa, tungetafuta mtu wa kukusaidia."

Kwa nini aliiacha ndoo pale ukingoni, sijathubutu kumuuliza. Naogopa jibu.

Mwaka uliofuata aliomba tena, akapata. Binti wa shangazi akaja kukaa nasi, mama anatunzwa vizuri. Kumbe lilikuwa jambo la kuomba tu!

Sasa Salma anasoma Dodoma. Akija likizo ananisalimia kwa heshima zote, lakini vyeti vyake anaviacha kwa jirani. Hapo moyo unanikatika.

Dada, kaka, mzazi unayenisoma: kama unaogopa kubaki na mzigo peke yako, sema. Lia hata mbele ya watu! Ila usimfungie binti wa watu mlango kimyakimya. Hujui siku hiyo atatoka nyumbani akielekea wapi.