Ukumbi Ulijaa

Hakuna kinachomtoa jasho msomi kama kiti kitupu. Mwalike kutoka mbali, mpe kipaza sauti, mwekee chupa ya maji mezani; yote hayo ni kazi bure kama atainua macho kutoka kwenye karatasi zake akute safu nzima ya viti inamtazama bila watu. Atakohoa, atafuta miwani, ataruka kurasa amalize aende zake. Katika chuo kile alikuwapo mtu mmoja aliyelijua jambo hilo kuliko wote, na ndiyo maana walimwita Mzee Viti. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho na mdomoni mwa mkewe, na mkewe alikuwa ameshafariki.

Kazi yake ilikuwa uhudumu wa ukumbi. Alifungua madirisha, alining'iniza bango lenye picha ya mgeni wa wiki, alitandaza waya wa kipaza sauti na kuubandika sakafuni ili profesa asije akaanguka mbele ya wanafunzi wake. Kisha alipanga viti, na hapo ndipo ufundi wake ulipokuwa. Alikuwa akilitazama bango, analisoma mara mbili, anatoka nje kuangalia mawingu, anauliza kama ni wiki ya mitihani, halafu anapanga viti pungufu kidogo ya watu aliowatarajia. Vilivyobaki alivirundika nyuma ya pazia zito lililoukata ukumbi katikati. Huko nyuma ya pazia ndiko ulikokuwa pia mlango wa kuingilia.

Wakija wachache, ukumbi ulionekana umejaa. Wakija wengi, waliowahi walikaa, na waliochelewa walichungulia kwenye mwanya wa pazia, wakaona hakuna nafasi, wakageuka. Huko nje walisimulia kwamba semina ilifurika, hapakuwa na pa kutia mguu. Mgeni alirudi kwao kichwa juu. Mzee Viti alilipenda hilo kuliko mshahara wake, na wala hakulificha.

Mwenye semina zile za Jumatano alikuwa profesa mmoja mfupi aliyebandikwa jina la Dakika Mbili. Kila msemaji alimwonyesha vidole viwili kwamba zimebaki dakika mbili amalize, lakini yeye mwenyewe akishika kipaza sauti kutoa shukrani, dakika alikuwa hazijui.

"Mzee wangu, leo unaonaje?" angeuliza Dakika Mbili akiwa na roho juu.

"Mada ni udongo, na mvua inanukia. Safu tatu."

"Kweli zitatosha?"

"Zisipotosha utaniambia."

Hazikuwahi kukosa kutosha. Wakati wenyewe wanajadiliana huko mbele, yeye alikaa nyuma ya pazia juu ya kiti kimoja, akisikiliza. Alisikiliza mambo ya udongo, ya homa, ya ushairi wa kale, ya bei za mazao. Hakujidai kwamba aliyaelewa. Mkewe, aliyekuwa fundi cherehani kwenye vibanda vya nje ya lango, alizoea kufunga kazi mapema Jumatano na kuja kukaa naye pale gizani, uzi bado umemganda begani. Angemgusa kwa kiwiko na kunong'ona, "Sasa huyu naye anasema nini?" Naye angejibu, "Anasema hajui, ila anasema kwa urefu." Wangecheka kwa kuziba midomo mpaka machozi yatoke.

Sasa kiti cha pili nyuma ya pazia hakikuwepo. Alikuwa amekirudisha kwenye rundo wiki ile ile ya maziko.

Na nyumbani alifanya vivyo hivyo. Baada ya msiba, waombolezaji walipoondoka, viti vilibaki vimezunguka sebule, na asubuhi alipotoka chumbani vyote vilimtazama. Akashindwa hata kunywa chai. Mtu akiumia hukimbilia analolijua, naye alilijua moja tu: kupunguza. Makochi akampa jirani mwenye watoto wengi. Viti vya mezani akavipeleka kwa mpangaji mpya aliyekuwa akila chakula sakafuni. Akabaki na kimoja, karibu na dirisha, na moyo ukatulia kidogo.

Majirani walikuja kumjulia hali, siwasingizii. Lakini ingia wewe kwenye nyumba ya mtu mzima, umkute ana kiti kimoja, na hicho kimoja anakusukumia wewe. Nani atakaa mzee amesimama? Basi walisimama wote wawili, wakaulizana joto la siku hizi, wakaulizana tena, kisha jirani akasema, "Haya mzee, ngoja nikimbie." Wakaanza kuja mara chache, kisha wakawa wanampungia mkono kutoka barabarani. Mzee Viti aliona kwamba watu wamemchoka. Iliumiza, ila hakumwambia mtu, na wa kumwambia alikuwa nani?

Mwaka wa kustaafu ulipofika, katibu wa idara, mwanamke mwenye sauti ya kuamrisha hata anapoomba chumvi, alimwita ofisini.

"Jumatano ijayo hakuna semina. Tunakuaga wewe. Nimeshatangaza chuo kizima. Viti atapanga mtu mwingine, wewe ni mgeni wa heshima."

"Mtu mwingine nani?"

Katibu alipitisha macho kwenye orodha ya wahudumu, akaifunga. "Haya, panga mwenyewe. Ila uvae koti."

Siku hiyo alifika ukumbini mapema na koti lake limekunjwa mkononi. Kwa wengine alikuwa na bango, mada na mawingu. Kwake yeye alikuwa na nini? Mada: mzee anaondoka. Nani ataacha shughuli zake aje kumtazama mzee akiondoka? Binti yake wa pekee, muuguzi katika mji wa mbali, alikuwa ameshapiga simu kwamba amekosa wa kushika zamu yake. "Usijali, mwanangu," alimwambia.

Akapanga safu tano, kama angempangia mgeni yeyote wa kadiri. Kisha akaenda mbele, akasimama pale wanaposimama wasemaji, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Viti vikamtazama. Alijiona amekaa mbele katika koti lake, safu mbili zina watu na tatu ni wazi, na Dakika Mbili anajikaza kumsifu mbele ya mbao na vyuma. Hapana. Ya wengine aliyaweza, hiyo asingeiweza. Akaondoa safu ya nyuma. Akasimama tena, akatazama, akaondoa nyingine. Mwisho zikabaki mbili, akalivuta pazia likasogea mbele mpaka likazigusa.

Zilijaa. Mkuu wa kitivo alikuja na watu wake, wahadhiri wakaja, akina mama wa uhasibu wakaja, na wote waliwahi kwa sababu tangazo lilikuwa limetaja vinywaji. Hakuna kiti kilichobaki. Mzee Viti akaketishwa mbele na chupa ya maji, akashusha pumzi. Aibu imeepukwa, alijisemea.

Dakika Mbili alianza kushukuru, na wanaomjua walijua kwamba jua litasogea. Nyuma ya pazia mlango ulilia, ukatulia, ukalia tena. Mzee Viti alijiambia ni upepo, kesho azitie bawaba mafuta, kisha akakumbuka kwamba kesho bawaba si zake. Uliendelea kulia kila baada ya muda. Yeye macho yake yalikuwa yakipita kwenye zile safu mbili, yakitafuta. Alimtafuta Mama Kantini, aliyekuwa akimwekea chai ya asubuhi kabla hajaiomba. Alimtafuta mtunza bustani waliyepiga naye soga miaka nenda miaka rudi kwenye ukuta wa maktaba. Aliwatafuta wafagizi na walinzi. Hakuona hata mmoja. Kumbe hivyo, alisema moyoni. Kumbe ilikuwa chai tu.

Wakampa saa ya ukutani, kana kwamba anayestaafu ndiye mwenye haja ya kujua saa ngapi. Alipoombwa kusema neno alisema asante, akakaa. Watu wakapiga makofi kwa muda wa heshima. Wakanywa, wakamshika mkono, wakaondoka, naye akabaki kuvirundika viti akiwa na koti lake, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuvirundika.

Jioni binti alipiga simu.

"Shikamoo, Baba. Ilikuwaje? Watu walikuja?"

"Marahaba, mwanangu. Ukumbi ulijaa."

"Kweli?"

"Hapakuwa na kiti hata kimoja."

Binti alifurahi mpaka sauti ikamkatika, akasema roho yake imetulia, maana alikuwa kazini siku nzima akiwaza baba yake atakaa na nani. Mzee Viti alimwitikia. Hakuwa amesema uongo, na bado aligeukageuka kitandani mpaka usiku wa manane.

Kesho yake alirudi chuoni kukabidhi funguo. Mtunza bustani alikuwa akipogoa ua karibu na lango, akanyanyua mkasi kumsalimu.

"Hongera, mzee. Jana ukumbi ulifurika."

Mzee Viti alitabasamu shingo upande. Alidhani anavishwa kilemba cha ukoka na mtu ambaye hakujisumbua kufika. Akapita. Mlinzi mmoja akamwambia yaleyale, naye akampita. Alipofika kantini, Mama Kantini alikuwa akipangusa meza, na chai ilikuwa tayari kwenye kona yake ya siku zote.

"Mzee, jana umetukomesha," alisema.

"Nimewakomesha vipi?"

"Nilifunga hapa mapema, mimi. Tukajikusanya wote, wafagizi, walinzi wa mchana, yule dada wa maktaba, mpaka dereva wa basi la wanafunzi. Watu kibao. Tunafika, tunachungulia, pamejaa wakubwa watupu. Tukarudi. Wengine walirudi tena baadaye kuangalia kama kuna aliyetoka."

Mzee Viti aliweka kikombe chini. Ule mlango ulianza kulia upya masikioni mwake, mara moja, mara nyingine, na mara nyingine tena.

"Mbona hamkuingia?"

Mama Kantini alimtazama kama anayeulizwa na mtoto.

"Tungekaa wapi?"

"Si viti vilikuwa hapo hapo mliposimama? Nyuma ya pazia?"

"Tuliviona, tulikuwa tumeviegemea." Alikunja kitambaa chake, akakikunjua. Sauti yake ikapungua. "Kuna aliyetaka kuvishusha, nikamkataza mimi. Nikasema Mzee Viti hakosei. Kama ameweka safu mbili, basi amewaita watu wa safu mbili. Sisi tutamwona siku nyingine."

Alitaka kumweleza. Alitaka kusema kwamba aliogopa, kwamba alisimama mbele ya viti vitupu akashindwa, na kwamba macho yake yaliwatafuta wao peke yao shughuli nzima. Lakini maneno ya namna hiyo hayatoki kwa mtu aliyekaa nyuma ya pazia maisha yake yote. Alichosema ni kwamba chai ni nzuri. Mama Kantini akasema karibu tena, mzee, na akaenda kuhudumia wanafunzi waliokuwa wakigonga kaunta.

Alikabidhi funguo. Alirudi nyumbani, akafungua mlango, akasimama kizingitini kama mgeni. Aliangalia sebule yake kama angeitazama mtu aliyekuja kumtembelea: sakafu safi, saa ya ukutani bado kwenye karatasi yake, kiti kimoja dirishani. Akawakumbuka majirani mmoja mmoja, walivyosimama, walivyohamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mguu ule, walivyosema ngoja nikimbie. Kisha, bila kuingia, akageuka akashuka barabarani mpaka kwa seremala.

Seremala alikuwa akipiga randa, vumbi la mbao limemjaa kwenye nyusi.

"Nataka viti," alisema Mzee Viti.

"Vingapi, mzee?"

Hilo ndilo swali lililompa jina na mshahara, na hakuwahi kulijibu kwa kusitasita. Sasa alisimama akiangalia maranda miguuni pake. Akamhesabu binti yake, atakapopata likizo. Akamhesabu Mama Kantini, kama ile karibu yake ilikuwa ya kweli. Baada ya hapo hakuwa na hakika na mtu yeyote.

"Vinne," alisema. Seremala akachukua penseli sikioni. "Hapana. Fanya sita."

"Sita? Una wageni?"

"Bado," alisema Mzee Viti.