Kaka Yangu Hakutaka Bunduki ya Risasi Moja

Kabla sijaanza, tuelewane. Sikuwa nimelala, sikuwa na homa, na pombe sijaionja tangu nizaliwe. Mume wangu anasema ulikuwa uchovu wa kazi. Mchungaji alisema ni pepo, akaniwekea mikono kichwani mbele ya kwaya nzima. Wote nimewasikiliza na wote nimewakatalia. Niliyemwona nilimwona, muuza duka naye alimwona, na mwanangu alikaa naye benchi moja. Sasa niambie, uchovu wangu ulimwingia na muuza duka?

Mimi nakaa Louisville. Kazi yangu ni kutunza wazee: nawaogesha, nawalisha, nabishana nao. Nilitoka milima ya Kivu Kusini nikiwa msichana mdogo, na huko bunduki niliijua kwa upande mmoja tu, ule wa mbele. Kaka yangu Faustin aliuawa na watu wenye bunduki, pale pale nyumbani, akiwa na miaka kumi na tisa. Kwetu kaka mkubwa tunamwita yaya. Ninyi wa pwani msicheke, najua kwenu yaya ni yule anayelea watoto. Na kweli alinilea, alinibeba mgongoni huku akichunga ng'ombe.

Basi hapa Marekani, kila sikukuu yao ya fataki, mimi nilikuwa chini ya meza. Mtu mzima, mama wa watu, chini ya meza! Nikachoka. Donna, mama mmoja wa Kimarekani ninayefanya naye kazi, akaniambia siku ya mapumziko twende uwanja wa shabaha nikakishike kile kitu kwa mikono yangu. Nikaenda. Akanipa bunduki ndogo ya risasi moja, nikalenga kopo la maharage, likaruka. Wee! Nilicheka mpaka Donna akadhani nimepagawa. Kwa mara ya kwanza mlio ule ulitoka kwangu mimi, na hakuna aliyekufa.

Nikaamua nitanunua ya kwangu. Mume wangu, Baba Tino, akakataa katakata. Alisema tumeikimbia bunduki nusu ya dunia, na mimi nataka kuipa kabati la kulala. Kwenye kwaya wakaacha kunipa nafasi ya kuanzisha wimbo. Shauri yao. Nilijua ninachotaka: bunduki ya bei ya mtu anayelipwa kwa saa, nyepesi, kitako chake kifupi kwa sababu mikono yangu mifupi, na iwe ile inayokunjika katikati. Unaikunja, unachungulia mtutu, ukiona mwanga upande wa pili unajua ni tupu. Unatia risasi moja, unapiga. Halafu lazima utulie, uikunje tena, utoe ganda, ufikiri kama kweli unataka nyingine. Waliokuja kwetu siku ile hakuna aliyetulia akafikiri.

Nikaenda dukani jioni moja baada ya kazi, wakati wa baridi, taa za barabarani zimeshawaka ingawa watu ndio kwanza wanarudi nyumbani. Muuza duka, mzee mwenye subira, aliniwekea mbili juu ya kaunta ya kioo. Moja ilikuwa mpya, ya kufunga kwa komeo kama la mlango, nayo ya risasi moja, lakini mbele ilikuwa nzito, mtutu ukawa unainamia chini. Ya pili ilikuwa imetumika, mbao zake zimekwaruzwa, ya kukunja katikati. Nilipoiweka begani ikakaa vizuri. Nikamwambia nadhani ni hii.

Ndipo nikasikia harufu. Kwetu milimani, kibuyu cha maziwa hufukizwa kwa moshi wa majani kabla ya kukamulia. Ukishainusa harufu ile utotoni, huisahau. Nani anafukiza kibuyu Louisville? Nikageuka.

Yaya Faustin alikuwa amesimama ubavuni mwangu. Sweta ileile ya kijani, kiwiko kimetoboka, ambayo mama hakuwahi kuishona. Buti za mpira zina matope mekundu, mabichi, na nje kulikuwa na theluji tupu. Hakuzeeka hata kidogo. Mimi nina mvi, amini usiamini, ningeweza kuwa mama yake.

Hakunisalimia. Aliitazama bunduki niliyoshika, kisha akanyoosha kidole ukutani, kwenye zile nyeusi zinazobeba risasi nyingi.

"Balikuwa bengi, mudogo yangu," akasema, yaani wale waliomuua walikuwa wengi. "Na hii ya moja utapiga nani?"

Wengine wangezimia. Mimi nilimjibu. Nikamwambia napiga makopo, yaya, makopo matupu ya maharage. Akatikisa kichwa kana kwamba mimi ndiye nisiyeelewa. Akasema mmoja wa wale watu yuko mji wa Buffalo, mtaa wa Riverside, nyumba yenye mlango wa kijani karibu na mto. Alinielekeza taratibu, kama mtu anayekutuma sokoni. Akasema niache hii, nichukue ile ya ukutani, niende.

Muuza duka akaniomba, kwa upole, nimwambie mwanangu aondoe mikono kwenye kioo chake, maana umri wake bado mdogo na mikono ina matope. Sikiliza vizuri hapo. Alimwona.

"Sitaki," nikamwambia yaya.

"Bon, haya," akasema. "Kama hautaki, nitaenda kuomba wajina wangu."

Nilipopepesa macho hakuwepo. Mzee wa duka alikuwa anafuta kioo kwa kitambaa, na kitambaa kilikuwa chekundu. Wajina wake ni mwanangu wa kwanza. Nilimpa jina la Faustin, sisi tunamwita Tino. Anasoma chuo kikuu Columbus, na umri wake ni ule ule, miaka kumi na tisa. Ana gari, ana moyo laini, na mkubwa akimwomba kitu hajui kukataa. Niliacha bunduki zote mbili juu ya kaunta nikakimbilia garini na sare yangu ya kazi.

Nilimpigia Tino simu njia nzima ya kwenda Columbus, haipokelewi. Unajua nilichokuwa naogopa? Siyo mzimu. Mzimu nilishauona na nilishabishana nao. Nilimwogopa mwanangu, kwamba angesema ndiyo. Akilini nilimwona akiwa na ile bunduki nyeusi, akigonga mlango wa kijani, kisha nikawaona polisi, kisha nikajiona mimi mbele ya jeneza lenye jina la Faustin kwa mara ya pili. Nililia mpaka nikavuka mpaka wa Ohio.

Anakaa mtaa wa wanafunzi karibu na chuo. Mwenzake wa chumba akaniambia yuko londri, kwenye mashine za kufulia nguo, pale kona. Nikamkuta anakunja suruali, mzima kabisa, simu yake imezimika chaji. Benchini, pembeni yake, kulikuwa na matope mekundu yaliyoanza kukauka.

Akanishangaa kwa Kiingereza, maana Tino hanijibu kwa lugha nyingine. Kiswahili alikiacha darasa la pili. Ee Mungu, nilivyomfokea kwa jambo hilo! Akina mama wa kanisani walinicheka, wakasema nimezaa Mzungu. Nilijaribu viboko, nilijaribu zawadi, nilijaribu mikanda ya mahubiri. Kijana akaziba masikio kwa muziki.

Nikamuuliza ni nani aliyekuwa amekaa hapa. Akasema ni jamaa mmoja, labda wa kanisa letu, sweta imechakaa. Alikaa naye muda mrefu, anaongea tu, anaongea, na mwisho akalia. Tino hakumwelewa. Alishika maneno mawili tu, mama na Buffalo. Alimwambia samahani kaka, hiyo lugha sijui, naye akarudia yote tangu mwanzo.

Nilikaa sakafuni kati ya zile mashine nikacheka huku nalia. Yaya wangu alikufa hajui hata neno moja la Kiingereza! Kila alichokuja kumwomba mwanangu kiliishia masikioni. Nilimshukuru Mungu kwa ukaidi wa mtoto yule, mimi niliyeusema ukaidi huo kila kikao cha maombi.

Lakini Tino alikuwa hajamaliza. Alisema alimwonea huruma, na si mimi niliyemfundisha kwamba mtu wa kwetu akihitaji lifti hapitwi? Basi akamwonyesha kwa mikono, Jumamosi, gari, Buffalo. Jamaa akakubali kwa kichwa.

Ungefanya nini wewe? Ningeweza kumficha mtoto. Ningeweza kuita mchungaji na mafuta yake. Lakini nimekimbia tangu nikiwa na meno ya maziwa, nimekimbia milima, mpaka, kambi, bahari, na nikasema sasa basi. Nikamwambia Tino Jumamosi nitawapeleka mimi. Nikalala kwa mama yangu mdogo anayekaa Gahanna, jirani na Columbus, siku zilizobaki. Sikumwambia kitu, angeanza kufunga na kuomba.

Jumamosi asubuhi yaya alikuwa anasubiri kwenye ukingo wa barabara. Tino akamsalimia, akamfungulia mlango wa nyuma. Nikaendesha. Kaka yangu marehemu kwenye kioo cha kutazamia nyuma, mwanangu pembeni yangu na vifaa vyake vya muziki masikioni, uso mmoja, paji moja la uso, na hakuna aliyejua kusema na mwenzake. Gari lote lilinuka maziwa ya moshi.

Mtaa wa Riverside una nyumba za kawaida tu, ngazi za mbao, theluji imesukumwa kando. Mlango wa kijani tuliupata. "Ni hii," yaya akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. Nikashuka peke yangu. Mikononi sikuwa na kitu.

Kwenye ngazi kulikuwa na viatu. Vya watu wazima jozi chache, na vingi vidogo, vya rangi, kimoja kina kipepeo. Nikagonga. Akafungua msichana mdogo mwenye mapengo, nyuma yake mama yake na mwiko mkononi. Watu wa Asia, wakimbizi kama sisi, Kiingereza chao kimevunjika palepale kinapovunjika changu. Walisema wana miaka mingi hapo. Mtu wa Kongo hawamjui, aliyekaa kabla yao hawamjui. Nilisimama naangalia kile kiatu cha kipepeo mpaka yule mama akaniuliza kama naumwa. Akaniletea chai palepale mlangoni, nikainywa, nikashukuru.

Nikarudi garini, nikafungua mlango wa nyuma.

"Nyumba ni ile," yaya akasema.

"Watu si wale."

Nikamwambia atazame ngazi, atazame vizuri. Nilimkaripia kama ninavyomkaripia mtu aliye hai. Nikamwambia, fikiri Tino angekuja hapa na ile uliyonionyesha ukutani, nani alikuwa nyuma ya mlango? Nikamwambia nimekulilia maisha yangu yote, yaya, na nitaendelea, nimempa mwanangu jina lako ili usipotee. Lakini mtoto humpati. Na mkono wangu huupati. Sitaki.

Akavitazama vile viatu muda mrefu. Kisha akauliza, bila hasira, "Sasa mimi, nani atanilipia?"

Nikamwambia sijui. Ningemdanganya ya nini? Sijui mpaka leo, na inaniuma mpaka leo. Nilishika mkono wake, ulikuwa baridi na una matope, na nilipotaka kuukaza zaidi kilikuwa kiti kitupu.

Tino akageuka, akauliza jamaa ameenda wapi. Ndipo, palepale karibu na mto, kwa Kiingereza changu kibovu, nikamwambia yule alikuwa nani na alikuwa anamwomba nini kule londri. Hakuwahi kuniuliza habari za kwetu, na mimi sikuwahi kumwambia. Alitoa vile vitu masikioni. Aligusa matope kwenye kiti cha nyuma kwa kidole, na njia yote ya kurudi alikaa kule nyuma.

Bunduki nilinunua. Ile ile, ya kukunja, yenye mikwaruzo. Mzee wa duka alikuwa ameniwekea, akaniuliza kijana wangu hajambo. Naifungia kwenye sanduku la chuma na Baba Tino ameshaacha kunung'unika. Fataki zikilia sasa nasimama dirishani na kikombe changu, nusu natetemeka, lakini nimesimama. Gari nimeliosha mara nyingi na harufu haitoki. Na siku nyingine kule uwanjani, kabla sijapiga, nainusa nyuma ya bega langu. Sigeuki. Nakunja bunduki, nachungulia mtutu, naona mwanga, natia risasi moja. "Ni kopo, yaya," namwambia kwa sauti. Donna amezoea.

Tino sasa anataka nimfundishe Kiswahili. Mwanzoni nilikataa. Lugha ile ndiyo mlango, na mimi nilijua nani anasubiri nje. Lakini kumziba mtoto masikio ni kukimbia tena, na mimi nilishasema basi. Kwa hiyo nakuonya wewe unayenisikiliza, mwenye wafu wako uliowaacha milimani: watakuja, na watakuja na anwani za zamani. Wape lifti, lia nao, lakini shuka wewe kwanza uangalie viatu mlangoni. Na ukimfundisha mwanao lugha yao, usianze na mama wala maji wala asante. Mimi nilianza na neno moja. Tino analitamka vibaya, analivuta sana katikati, lakini analisema huku ananitazama machoni, na jana usiku nilimsikia kwenye simu, peke yake chumbani kwake Columbus, akimwambia mtu ambaye mimi sikumwona.

"Sitaki."