Giaboksi Iliyomkataa Rodah

Rodah Chepkemboi wa Kaplong hakuwa mtu wa kupendwa, na hakujali. Wanawake walimsalimia kwa sababu ya maziwa yao, ambayo pikapu yake iliyapeleka kila asubuhi, si kwa sababu yake. Pikapu aliachiwa na mumewe, marehemu Kipkosgei, na aliisifu kanisani, sokoni, hata matangani. "Gari ya Kipkosgei haijaguswa. Iko vile ilitoka kampuni."

Basi giaboksi ikafia mlimani, maziwa yakaganda kwenye mikebe. Shemeji yake Weldon, mwenye lori dogo la kenta, akasema mbele ya watu, "Jumatatu hiyo kitu isipotembea, maziwa nabeba mimi. Wewe kaa nyumbani ulishe kuku."

Rodah akatema mate karibu na kiatu cha shemeji.

Giaboksi kuukuu ya gari kama lake ilikuwa Kericho, kwa Kebaso peke yake, muuza spea ambaye Rodah alikuwa akimwita fisi wa vyuma kwa vile alikula magari yaliyopata ajali. Hakuwa na njia nyingine. Akaenda pamoja na Nicholas, fundi aliyemwoa binti yake Nelvine. Nicholas ndiye aliyeishusha ile giaboksi iliyokufa. Njia nzima alinyamaza, akitazama mashamba ya chai. Rodah alidhani ni adabu tu, maana kwao mkwe hajibizani na mama mkwe.

Walimkuta Kebaso amekalia tairi, anamenya muwa kwa meno.

"Karibu, kogo."

"Kogo ni nyanya yako. Mimi nataka giaboksi." Akataja gari la marehemu Kipkosgei.

"Iko hapo. Lakini si yako."

"Si yangu ni ya nani? Jina si ni ile ile?"

"Giaboksi inafuata injini, mama, haifuati jina. Na injini yako ilitoka kwa pikapu ya kampuni ingine. Nilimuuzia mzee wako mimi mwenyewe, na giaboksi yake, wakati alibeba viazi ya Londiani mpaka injini ikashika, ikafa."

Rodah akamsogelea mpaka akanusa muwa. "Mwongo! Unamsingizia mtu aliye kaburini!"

"Huyo wa kaburini alisema tu, mama asijue."

"Nicholas! Mwambie huyu mtu!"

Nicholas alitazama viatu vyake. "Mama, wacha nifike nyumbani nimwambie Nelvine, halafu yeye atakuambia."

Wapakizi wa Kebaso walicheka hadi mmoja akaketi chini. Rodah akaelewa kwamba huyu kijana alijua tangu siku aliyolala chini ya gari.

"Toa pleti," akasema.

Nicholas akaitoa kwenye gunia ile pleti ya klachi ya gari lao. Katikati ina tundu lenye meno, na meno hayo lazima yaingie kwenye shafti ya giaboksi unayonunua. Rodah akamnyang'anya, akaisukuma mwenyewe kwenye ile aliyoitaka. Ikagoma. Akaizungusha, akasukuma tena, akaigonga kwa kiganja mpaka ngozi ikachubuka.

"Hata uiimbie haiingii," akasema Kebaso.

"Leteni nyundo."

"Hapana, mama." Alikuwa Nicholas, na hakuwa amewahi kumwambia neno hilo maishani. Akaichukua pleti, akaenda kwenye giaboksi nyingine iliyofungwa mnyororo ukutani. Pleti ikateleza kwenye shafti kama pete kwenye kidole. Kisha akatoa kipande cha katoni alichochorea matundu ya boliti nyuma ya injini yao, akakiweka kwenye mdomo wa giaboksi. Hakuna tundu lililokosea.

Kebaso akaushika ufunguo wa mnyororo. "Sema kwa sauti, Kebaso si mwongo. Ndio nifungue."

Rodah alitazama mnyororo. Akamwona Weldon na kenta, na mikebe ya maziwa ikipita langoni kwake bila kusimama.

"Kebaso si mwongo!" akapiga kelele, mpaka barabarani watu wakageuka. "Kebaso ni fisi, lakini si mwongo! Fungua!"

Alilipa, lakini hakukubali mpakizi yeyote aiguse. Waliipakia kwenye matatu yeye na Nicholas.

Nyumbani Nicholas alipofungua boneti, Rodah alikuja kutazama, jambo ambalo marehemu hakuwahi kumruhusu.

"Nelvine alijua?"

"Alijua, mama."

"Na Weldon?"

Nicholas akainamia spana zake. "Weldon ndiye aliivuta hiyo gari kutoka Londiani."

Kumbe miaka yote alipojisifu, walikuwa wanamtazama tu. Rodah akalipiga tairi teke, teke la kumfikia Kipkosgei huko aliko.

"Funga hiyo giaboksi," akasema. "Na Jumatatu, mtu akiuliza ni injini gani, mwambie alete maziwa ama aende zake."