Nguzo za Turubai la Salim

Ipo asubuhi moja ya kiangazi ambayo hainitoki, mwanangu. Kila nikidhani nimeizika, naikuta imekaa sebuleni inaningoja. Nilikuwa mke kijana, mtoto wangu Zaina angali ananyonya, hapa hapa Kilburn kwa Waingereza, na nyuma ya majumba yetu wanaume walikuwa wakipakia karavani.

Karavani, kwa asiyeijua, ni chumba chenye magurudumu kinachokokotwa na gari. Ndani mna vitanda, jiko dogo na benchi za kukalia. Yetu ilikuwa kuukuu. Tuliichangia jamaa kadhaa wa Mombasa, na kila kiangazi tuliivuta hadi pwani ya Waingereza, tukakaa siku tatu nne tukijidanganya kuwa tuko kwetu.

Mkuu wetu alikuwa Kaka Omari, kaka mkubwa wa mume wangu Salim. Kwake yeye kila safari ilikuwa shughuli, na shughuli huanza na turubai. Kabla maji hayajanywewa, kabla mtoto hajabadilishwa nepi, turubai lisimame ubavuni mwa karavani, wazee na wanawake wakae kivulini. Mgeni hasimamishwi juani, alikuwa akisema, hata huku ambako jua lenyewe ni la kuazima.

Sasa turubai lina nguzo, na zile zilikuwa za chuma, ndefu, nzito, fungu lake likibebwa na wanaume wawili. Kaka Omari alizipakia kama alivyopakia vyombo vya harusi na matanga maisha yake yote: cha kwanza kutoka huingia mwisho. Basi nguzo zilipitishwa dirisha la nyuma, zikalazwa juu ya benchi ya mwisho kabisa. Pembeni yake zilikuwa zimetangulia sufuria za pilau na magunia ya mchele tulionunua Kingsbury, kwa Wahindi waliotoka Afrika Mashariki kama sisi, kwa kuwa baada ya kivuli ni chakula. Yote hayo mkiani. Mbele mlibaki mito na nguo za watoto.

Nilijua si sawa. Si kwa werevu wangu, la. Mzungu aliyetuuzia karavani alinieleza mimi, maana wanaume walikuwa wakipiga mateke magurudumu, na Kiingereza cha kusikiliza nilikuwa nacho mimi. Alisema vitu virefu na vizito vilazwe sakafuni, katikati, juu ya ekseli inayoshika magurudumu, tena vifungwe kamba visiteleze. Mkia ukiwa mzito, karavani huinua kitako cha gari, na siku moja huanza kuyumba isitulie tena.

Nikasema. Nataka ulisikie hili vizuri, mwanangu, kwa sababu watu huniona mjane aliyenyamaza. Sikunyamaza.

"Shemeji," nilimwambia, "yule bwana alisema nguzo zikae katikati, chini."

Kaka Omari akacheka, akawageukia wenzake. "Haya, tumepata injinia, na mtoto yu ziwani! Mwanaisha, yule Mzungu anapakia mzigo wa watu wawili na mbwa wao. Sisi ni kaumu. Tukifika tuanze kupekua chini ya mabusati, na wazee wamesimama wanatutazama?"

"Lakini Shemeji, alisema mkia ukiwa mzito..."

"Mwanaisha." Sauti ikashuka, kicheko kikaisha. "Mwaka jana tulifikaje? Na mwaka juzi?"

"Salama, Shemeji."

"Basi. Mtoto wa juzi hawafundishi wakubwa kufunga mzigo."

Nikamtazama Salim. Alikuwa ameshika kamba mkononi, ile ile ambayo ingefunga nguzo, na macho yake yaliniomba nisiendelee kumtia aibu mbele ya kaka yake. Nilimpenda sana mume wangu. Nikamhamisha mtoto ziwa la pili, nikarudi ndani kuchukua chupa ya chai.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nililelewa kwa methali hiyo, nawe pia, na kila aliyetiwa wanja machoni akiwa mchanga. Nami la mkuu nililisikia, mwanangu. Guu likavunjika vilevile.

Kaka Omari alisoma dua ya safari, sote tumeinua mikono, tukaitikia amina. Salim alishika usukani wa gari lililokokota karavani, kaka yake kando yake. Sisi wanawake na watoto tulifuata nyuma katika basi dogo la kukodi, na kwa kuwa nilikuwa na mtoto nilipewa kiti cha mbele. Kwa hiyo niliona. Barabara kuu ilianza kuteremka, lori likatupita kwa kasi, upepo wake ukaisukuma karavani kidogo tu. Ikayumba kushoto. Ikayumba kulia, zaidi. Mkia ukawa unalipeleka gari unakotaka, badala ya gari kuupeleka mkia. Niliona taa za breki za Salim zikiwaka nyekundu, kisha karavani ikalala ubavu, ikalibeba gari, vyote vikaenda kwenye ukingo wa majani.

Mama mmoja nyuma yangu alinifunika macho kwa mikono yake. Alichelewa.

Kaka Omari alivunjika mguu, na hadi mwisho wake alitembelea mkongojo. Salim hakufika hospitali.

Watu wengine humaliza hadithi hapa, wakakupa funzo, ukaenda zako. Ya kwangu haikuishia hapo. Siku chache baada ya eda yangu kumalizika, Kaka Omari alibisha hodi. Alikuwa amezifuata nguzo kule zilikohifadhiwa, akazinyoosha zilizopinda, akamlipa kijana ampandishie hadi ghorofani kwangu. "Hizi ni za Salim," akasema. "Ziweke." Akapigilia kulabu ukutani mwa ukumbi wangu mwembamba, akaegemea mkongojo wake, na akazining'iniza mwenyewe, moja moja.

Tangu hapo alikuja kila Ijumaa baada ya sala. Alileta nyama, alileta viatu vya Zaina, alimsomesha Zaina kama mwanawe. Nami nilingoja. Nilingoja aseme neno moja tu: Mwanaisha, ulisema. Sikutaka aombe radhi. Nilitaka tu ijulikane kwamba siku ile palikuwa na mtu aliyeona, na mtu huyo nilikuwa mimi. Hakusema. Alikunywa chai, akazitazama nguzo, akaenda. Tuliambiwa mkubwa ni jalala, kila taka humwangukia, lakini lile moja alikataa kulipokea. Nilimchukia. Nasema wazi sasa kwa kuwa ametangulia, Mungu amrehemu: nilimchukia miaka yote ile, na kila Ijumaa nilimtilia iliki kwenye chai jinsi alivyopenda.

Sasa sikiliza ya juzi.

Zaina ana mtoto wa kiume, Karim, naye ana mke na watoto wawili wadogo. Kiswahili anakisikia, anajibu kwa Kiingereza. Kijana mwema, simsemi vibaya. Alinunua karavani, akaja Alhamisi kuniomba nguzo. "Za Babu," alisema, na hilo alilisema kwa Kiswahili, moyo wangu ukalainika, nikampa. Hakujua yote. Zaina hakupenda ajue, na mimi nilimridhia Zaina. Alijua babu yake alikufa barabarani, basi.

Nikashuka naye ngazi, na magoti haya, ili nione anavyopakia. Alifungua dirisha la nyuma.

"Karim, mjukuu wangu, si hapo. Chini, katikati, juu ya magurudumu. Uzifunge."

"Bibi, it's fine," akasema. Hilo ndilo jibu lao kwa kila kitu. Akanieleza kwa upole kwamba amekwisha tazama video, kwamba akifika anataka turubai lisimame kwanza kabla watoto hawajachoka, ndiyo maana nguzo zinaingia mwisho. Kaka Omari hakumwona huyu mtoto hata siku moja, lakini yale maneno yalitoka vilevile.

Nikamwambia yote pale pale. Karavani, lori, babu yake. Alinikumbatia. Akasema karavani za siku hizi si kama zile, na kwamba ninajitia huzuni bure. Nikashika nguzo moja, nikavuta. Mkewe akanitoa vidole taratibu, kimoja baada ya kingine, akasema, "Bibi, njoo ukae." Nikakalishwa kwenye ukuta mfupi wa mbele ya jumba. Watoto walinipungia mkono dirishani.

Nilipokuwa kijana sikusikilizwa kwa kuwa ni kijana. Sasa ni mzee, sisikilizwi kwa kuwa ni mzee. Niambie wewe, mwanangu, ni lini katikati hapo palikuwa na zamu yangu? Sikuiona ikipita.

Jioni akapiga simu. Wamefika. Akaniletea picha: turubai limesimama kwa nguzo za Salim, watoto wamekaa chini yake wanakula viazi. "See, Bibi? Tumefika salama." Mama yake alicheka kwa furaha. Mimi nililia, wakadhani na mimi ni furaha.

Kwa sababu sisi pia tulifika, mwanangu. Mwaka wa kwanza tulifika, na wa pili tulifika, na hicho ndicho kilichotuua. Leo ni Jumamosi. Kesho Karim atafunga mzigo wa kurudi, naye amekwisha funzwa kwamba bibi yake ana hofu za kizee. Nimempigia mara nyingi, nimempigia na mkewe. Ukumbini kwangu kulabu ni tupu.

Basi nasaha yangu ni hii, iliyobaki ndiyo hii. Kufika salama si ushahidi kwamba ulifunga sawasawa. Huenda ni upepo tu haukupita. Mkubwa akikosea, mwambie, na akikunyamazisha mwambie tena, hata mumeo akikuomba kwa macho. Ukiwa mkubwa wewe, na mdogo akakwambia, usimwulize jana tulifikaje. Na jambo likitokea kama alivyosema, mwambie: ulisema. Usimnyime hilo. Nyama ya Ijumaa hailizibi pengo lake.

Mungu akuongoze njia unayokwenda na unayorudi. Akupe wa kukwambia, na akupe sikio la kumsikia. Awarudishe watoto wangu kesho kabla giza halijaingia, na mlango huu ubishwe na mkono ninaoujua. Dua kama hii Kaka Omari aliisoma asubuhi ile, mikono yetu juu, nasi sote tukaitikia. Kwa hiyo sema amina, mwanangu, kisha shuka ukautazame mkia wa mzigo wako.