Msiba Bila Turubai

Nilipoanza shahada ya uzamili ya kuzuia ugaidi na uhalifu wa misimamo mikali, nilipanga chumba Vingunguti kwa mama mmoja mjane. Nilikichukua kwa sababu kilikuwa rahisi. Darasani waliamini nimehamia kule kufanya utafiti, na mtaani waliamini hivyohivyo, ila kwa ubaya. Dereva mmoja wa bodaboda alinibatiza Sista Usalama.

"Sista Usalama, leo umetuandika wangapi?"

Mwanzoni nilikuwa nacheka.

Mama mwenye nyumba alikuwa na mtoto mmoja tu, kijana wa rika langu aliyekuwa akifanya kazi machinjioni. Aliondoka kabla sijahamia, akaaga kwamba anakwenda Mtwara kwenye korosho. Baadaye mtaa mzima ulijua kwamba amevuka Mto Ruvuma kuingia Msumbiji kujiunga na wapiganaji, lakini hakuna aliyelisema mbele ya mama yake.

Chuoni tulifundishwa dalili: anayeacha muziki ghafla, anayegawa nguo zake, anayebadili marafiki. Mimi mwenyewe niliacha muziki nilipofiwa na baba, na hakuna aliyenishuku, labda kwa kuwa naitwa jina la Kikristo na nimetoka Njombe. Mhadhiri wetu, askari mstaafu mwenye sauti ya upole, alisema familia ndiyo ya kwanza kuona, hivyo iwe ya kwanza kusema. Nikamuuliza familia ikishasema inapata nini. Akajibu kwamba ni swali zuri, tutalirudia. Hatukulirudia.

Mama mwenye nyumba alikuwa amesema. Alikwenda mwenyewe ofisi ya serikali ya mtaa, akaeleza kwamba mwanawe halali nyumbani na hataki tena kula naye. Wakaja watu wakamchukua kijana. Siku walipomrudisha alikuwa haongei na mtu, na haikupita wiki akaondoka. Mama alinisimulia haya akichambua mchele, bila kuinua macho.

Kisha asubuhi moja simu yake iliita, namba ngeni. Sauti ya kijana asiyemjua ilimwambia kwamba mwenzao, mwanawe, ametangulia mbele ya haki, ikakata. Alipopiga tena, namba haikupatikana.

Wanawake wa mtaa ule wana chama cha kufa na kuzikana. Turubai la chama, mikeka na masufuria makubwa ya pilau vilikaa kwenye stoo ya mama huyu, kwa kuwa alijulikana haazimishi ovyo. Utaratibu wao ni kwamba mfiwa hagusi chombo wala hatandiki mkeka. Wenzake ndio wanaofunga turubai, wanaowasha moto na wanaomkalisha chini. Kwa hiyo asubuhi ile aliwapigia wenzake simu, akafungua stoo, akasimama mlangoni na kanga yake, akawasubiri.

Walifika mchana, mwenyekiti wa chama na wenzake wawili. Nilimwamkia mwenyekiti, akaitikia bila kunitazama. Alieleza taratibu kwamba wameshauriana. Shekhe amesema bila shahidi huwezi kusema mtu amekufa. Chama kinasaidia palipo na kaburi. Halafu turubai huonekana kutoka barabarani, na watakaokuja kuuliza ni msiba wa nani watawaandika wote waliokaa chini yake. Mwisho akasema wangependa kuvihamishia vyombo kwake yeye mwenyekiti kwa muda, ili mwenzao apumzike.

"Mie mtaa huu nimezika na kila mtu," alisema mama mwenye nyumba. "Leo mnaniogopa?"

"Hatukuogopi wewe, shoga," mwenyekiti akajibu. "Tuna watoto."

Wakaanza kutoa vitu. Mmoja wao, ambaye misibani ndiye aliyekuwa akichekesha watu jikoni, alijitwika sufuria kubwa kuliko zote na kutoka kimya. Hakuna aliyesema pole. Kusema pole kungekuwa kukubali kwamba kuna msiba.

Walipokwisha kuondoka, mama alinigeukia.

"Wewe si unasoma mambo haya. Mwanangu kafa au hajafa?"

Nilikuwa na jibu la darasani: habari kutoka kwa makundi yale haziaminiki, mtu hutangazwa amekufa ili asitafutwe, na simu moja ya namba ngeni si ushahidi wa chochote.

"Sijui, mama."

"Sijakuuliza unajua nini. Nakuuliza, nikae chini au nisikae?"

Alikuwa bado amesimama mlangoni mwa stoo tupu. Nilifikiria kwamba kijana anaweza kuwa hai, na kwamba nikikosea atakuwa amemlilia mtu aliye mzima wa afya. Nikafikiria pia kwamba hakuna mtu mwingine atakayekuja kumjibu. Niliingia chumbani, nikachukua mkeka wangu, nikautandika sebuleni.

"Kaa, mama," nikamwambia. "Pole sana."

Alikaa, ndipo akalia. Kilio kile kwa kawaida hujaza nyumba watu kabla hakijaisha. Nilisikia mlango wa jirani ukifungwa, taratibu, kwa adabu.

Jioni nilipika uji kwenye jiko langu la gesi. Nilimpa kikombe chake, na kingine nikakiweka mkekani kwa yeyote atakayeingia. Watu walipita nje, wakipunguza sauti walipofika usawa wa mlango wetu na kuipandisha walipovuka. Uji wa kile kikombe ulipofanya utando juu, mama aliniambia ninywe mimi.