Ng'ombe wa Kwenye Simenti

Kule Bule, kijijini kwetu milimani, mama mkwe wangu alimpa kila ng'ombe jina. Vita vilipotukimbiza tukaja Bunia, alipata ng'ombe mmoja wa maziwa, wa wale wa kisasa wenye mabaka meusi na meupe, akamfunga nyuma ya nyumba yetu ya mtaa wa Lumumba, kwenye simenti, chini ya mabati matatu. Huyo hakumpa jina. Nilipomuuliza sababu, alinitazama kama mtu anayeulizwa jina la sufuria yake.

Sikumpenda ng'ombe yule. Niseme ukweli, alinuka, na kumkamua ilikuwa kazi yangu. Lakini mimi mwenyewe nilikuwa nanyonyesha mwanangu wa kwanza, na mwanamke anayenyonyesha hawezi kumkamua ng'ombe mwenye ndama bila kuwaza mambo fulani.

Ndama alikuwa dume. Katika paseli, kiwanja kidogo cha mjini, ndama dume ni mdomo tu, anakunywa maziwa yanayotakiwa kuingia kwenye bido, dumu la kuuzia. Hakumaliza hata wiki ya pili. Mchinjaji alikuja asubuhi na pikipiki, akamfunga miguu, akamlaza kwenye kiti cha nyuma. Ndama alilia, na mama yake akaitikia kwa sauti iliyotikisa mabati. Mimi nilisimama pale na blauzi yangu ikalowa maziwa mbele ya mchinjaji, nikaona haya na hasira kwa pamoja.

Mama mkwe alimwambia mchinjaji neno moja tu: "Nyama ni yako, ngozi ni yangu."

Ngozi ilirudi jioni ileile. Watu wa ng'ombe wa huku kwetu wanajua ni ya nini. Ng'ombe aliyepoteza ndama hugoma kuachia maziwa, kwa hiyo ngozi ya ndama hujazwa manyasi makavu, hushonwa, hupakwa chumvi, kisha huwekwa mbele ya mama yake. Mama hunusa, hulamba, na maziwa hushuka. Kule milimani walifanya hivyo ndama akifa kwa ugonjwa. Ilikuwa namna ya kupita msiba. Sasa msiba wenyewe tulikuwa tumeuagiza.

"Mama," nilimwambia, "huyu hakukufa. Siye ndio tulimutoa."

"Bule tulikuwa na milima," alijibu huku akikaza uzi kwa meno. "Hapa tuko na paseli."

Akamsimamisha yule ndama wa manyasi kwenye vijiti vinne. Kichwa hakikuwepo, mchinjaji alikuwa amekwisha kukiuza. Nilidhani ng'ombe atashtuka. Alinusa shingo iliyoshonwa, akatoa sauti ndogo ya chini, ile ambayo ng'ombe humwitia mtoto tu, akaanza kulamba. Maziwa yakashuka mpaka yakamwagika kwenye vidole vyangu. Mama mkwe alipiga makofi.

Basi tukaendelea hivyo. Mvua ilipoanza, ngozi ikaanza kunuka, na majirani wakaanza kupita kwenye ua wetu wameziba pua. Ng'ombe hakujali. Alilamba mpaka manyoya yakaisha, ikabaki ngozi tupu ya kijivu yenye kung'aa.

Halafu barabara ikaharibika. Sisemi matope, nasema watu wenye bunduki. Waliokuwa wakituletea majani kwa baiskeli hawakuja tena, na ng'ombe akawa anakula maganda ya ndizi, siku nyingine hata hayo hayakuwepo. Asubuhi moja, nikiwa nimechuchumaa na ndoo, nilisikia kitu kikichanika. Nilipoinua kichwa, alikuwa ameingiza ulimi kwenye mshono wa tumbo la ndama na anavuta manyasi. Alikuwa anatafuna. Alikula tumbo la mtoto wake lote, taratibu, na muda wote ule maziwa yakaendelea kushuka.

Nilimwita mama mkwe. Alicheka mpaka akafuta machozi. "Sasa iko na faida mbili," alisema.

Ngozi ilipokuwa kitambaa tu chini, ng'ombe aliacha kutoa maziwa. Mama mkwe alimfunga miguu ya nyuma, akampiga fimbo kwenye nyonga mahali palepale mpaka pakavimba. Hakutoa. Kiwele kikajaa, kikawa kigumu, na nikikigusa tu alikuwa anapinda mgongo na kuguna. Niliyajua maumivu hayo, nilikuwa nimeyapata mwanangu alipougua akakataa ziwa.

"Iko nalia juu ya mutoto wake," nilisema.

"Acha ilie. Isipotoa mpaka Jumamosi, siku ya posho, mwenye pikipiki atarudi."

Nikamwomba. Ndiyo, mimi niliyekuwa namtukana ng'ombe yule kila asubuhi, nilimwomba mama mkwe wangu asimuue. Nilisema nitamtafutia majani mwenyewe. Akanijibu kwamba ng'ombe asiyetoa maziwa ni nyama inayokula, lakini akakubali kumwita dokta wa ng'ombe kwanza.

Dokta alikuja na kijisanduku, akatoa kichupa kidogo cha kioo. Nilikitambua kabla hajakivunja shingo. Ndicho walichonichoma kule maternite, kwenye wodi ya wazazi, uchungu wangu wa kuzaa uliposimama, na baada ya hapo nilidhani nararuliwa katikati.

"Dawa hii inauma?" nilimuuliza.

"Weye ulisikia nini?"

Nikamweleza.

"Basi nayo itasikia ile ile," alisema, akachana plastiki ya sindano.

Ng'ombe alitetemeka kuanzia mabegani. Tumbo lilijikunja mara kadhaa kama anayezaa, ingawa hapakuwa na kitu cha kuzaa. Kisha maziwa yakatoka kwa nguvu, ndoo ikalia. Dokta alimwachia mama mkwe boksi zima na kumwonyesha mahali pa kuchoma, shingoni. Tukamchoma asubuhi na jioni, kila siku, mpaka shingo ikawa na vinundu kama mfuko wa maharage. Alipona kisu, na mimi ndiye niliyeshukuru.

Siku dawa ilipoisha kwenye farmasi zote, nilikwenda bandani nikiwa na sindano tupu. Sikujua nitafanya nini. Nilichana plastiki yake kwa mazoea tu. Kabla sijafika shingoni, matone yalikuwa yameanza kuanguka kwenye simenti.

Mama mkwe aliona. Hakununua dawa tena. "Tumeipata!" alisema, na siku hiyo alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimemwona nayo tangu Bule.

Sasa nachana plastiki tu. Ng'ombe akiisikia anageuza kichwa, anatoa ile sauti ndogo ya chini, anasogea mpaka kamba inakaza, na ananyoosha ulimi. Namsogezea plastiki. Anailamba mkononi mwangu, upande huu na upande ule, kwa uangalifu, asimwumize mtoto. Nami nakamua.